Nyumba Inayojua Kama Umelipa

Mwaka 2000 kampuni ya LG ya Korea Kusini ilitoa friji lenye intaneti. Mlangoni lilibandikwa kioo, na mwenye nyumba akiwa jikoni aliweza kusoma barua pepe, kutazama televisheni na kuorodhesha vyakula vilivyomo ndani. Lilikuwa ghali mno, na hata huko Seoul walionunua walihesabika. Mwaka huohuo Mgodi wa Dhahabu wa Geita ulianza kuzalisha, na mwezi Agosti Vodacom ikaanza huduma zake Tanzania.

Wauzaji wa vifaa vya nyumbani bado huisimulia historia ya nyumba yenye mtandao kwa kuanzia kwenye friji la namna hiyo, au kwenye nyumba ya majaribio ya TRON iliyojengwa Tokyo mwaka 1989, yenye mamia ya kompyuta ndogo za kufungua madirisha na kurekebisha joto. Ni historia ya starehe: taa inayojizima, pazia linalojifunga, mlango unaomtambua mwenyewe. Shinyanga na Geita zimevifikia vifaa hivyohivyo kwa njia nyingine kabisa. Huku teknolojia iliingia nyumbani kwa mlango wa malipo, na kifaa cha kwanza chenye akili kuwekwa ukutani hakikumwuliza mwenye nyumba anapenda joto kiasi gani. Kiliuliza kama amelipa.

Kabla ya waya wowote kufika, kaya za Usukumani zilikuwa na namna yao ya kuitana usiku: mwano. Mtu akivamiwa au ng'ombe wake wakiswagwa, alipiga ukelele unaojulikana, jirani akaupokea na kuupeleka mbele, na kila mwanamume aliyeusikia alipaswa kutoka na silaha yake. Aliyebaki kitandani alikuwa na la kujibu kesho yake. Wizi wa ng'ombe ulipokithiri mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera kuacha bunduki nyingi mitaani, vijiji vya mpakani mwa Kahama na Nzega viliugeuza utaratibu huo wa mababu kuwa jeshi la kijiji. Ndio Sungusungu: filimbi, mishale, viongozi wao wenyewe na faini ya ng'ombe kwa anayekaidi. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ikalitambua. Lilikuwa na ubaya wake, na wanaolisifu leo huusahau: watu walipigwa, na vikongwe waliosingiziwa uchawi walitengwa na majirani zao. Hata hivyo ulikuwa mtandao wa nyumba kwa nyumba usio na ada ya mwezi. Gharama yake ilikuwa kuamka.

Mtandao wa namna nyingine ulikuwa Mwadui, kaskazini mashariki ya mji wa Shinyanga. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua hapo mwamba wa almasi, na mwaka 1947 mgodi wake ukatoa ile almasi ya waridi ya karati 54.5 aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ndani ya uzio wa Mwadui kulikuwa na umeme wa mitambo ya mgodi wenyewe, maji ya bomba, hospitali, shule, klabu na uwanja wa ndege. Nje ya uzio kulikuwa na kibatari. Nusu karne baadaye picha hiyo ilijirudia Bulyanhulu, iliyoanza uzalishaji mwaka 2001, na Geita, ambako mgodi uliendeshwa kwa jenereta zake za dizeli kwa miaka mingi huku vijiji vya jirani vikiona mwanga wake angani usiku. Mtu wa Nyamalembe au Kakola hakuhitaji kuhubiriwa faida za umeme. Alikuwa akiuona kila jioni, upande wa pili wa seng'enge.

Kilichoingia kwanza katika nyumba za kawaida ni redio, na tangu hapo Asia ilikuwa ndani ya hadithi yetu. Philips ya Uholanzi ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha redio Arusha, lakini betri, na redio nyingi pia, zilikuwa za National, chapa ya Matsushita ya Japani, iliyofungua kiwanda Dar es Salaam miaka ya 1960. Fedha za pamba zilipotoka, mwenye bahati alirudi nyumbani na baiskeli, mabati na redio. Betri zilipochoka zilianikwa juani juu ya bati, zikapata nguvu za kusikiliza taarifa ya habari moja zaidi. Nasema ni kifaa cha nyumbani, ingawa hakikuwa cha nyumba moja. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipotangazwa kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, watu wapatao milioni 2 nchini kote walijiunga na vikundi vya kusikiliza, kujadili, kisha kwenda kuchimba vyoo. Redio moja, mwalimu wa kikundi na watu kumi na kadhaa chini ya mwembe: huo nao ulikuwa mtandao, na ulitoa matokeo yanayoonekana kwa macho.

Televisheni ilichelewa. Zanzibar ilikuwa na yake ya rangi tangu 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, na Kanda ya Ziwa ikapata sauti na sura yake ilipopata Radio Free Africa na Star TV za Mwanza. Kwa wengi, picha ilikuwa ya kwenda kuitazama kibanda umiza, kwa kiingilio, kwenye benchi. Nyumbani seti iliendeshwa kwa betri ya gari iliyobebwa kwenye baiskeli kwenda kuchajiwa sokoni.

Gridi ya taifa ilikuwa imeshafika Shinyanga na kuendelea Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini kupita kwa nguzo na kuwaka kwa taa ni mambo mawili. Waliounganishwa walikuwa watumishi, wafanyabiashara na wamiliki wa mashine za kuchambua pamba na kukoboa. Walipokea ankara kila mwezi, na wengi hawakuilipa kila mwezi. Dawa ambayo shirika la umeme, TANESCO, iliitafuta kwa deni hilo ndiyo iliyozaa kifaa ninachokiona kuwa mwanzo halisi wa nyumba yenye akili nchini: mita ya LUKU, Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, iliyoanza kufungwa katikati ya miaka ya 1990.

Inafaa kusimama hapa, kwa sababu watu wengi wanaibonyeza kila wiki bila kujua wanachokifanya. Mita hiyo haina waya wa mawasiliano wala laini ya simu. Imefungwa ukutani peke yake, haimjui mtu. Ukinunua umeme, kompyuta ya mbali hutengeneza tarakimu 20 zilizofumbwa kwa ufunguo wa mita yako, na mita ya jirani haiwezi kuzifumbua. Anayezibeba kutoka kwenye kompyuta hadi ukutani ni wewe. Kwa maneno mengine, mtandao uliokuwa ukiunganisha nyumba ya Ngokolo, Shinyanga mjini, na makao makuu ya TANESCO ulikuwa ni mtoto aliyetumwa dukani na kurudi na kikaratasi. Mfumo huo ulibuniwa Afrika Kusini, nchi iliyokuwa ikitafuta namna ya kuuza umeme kwenye vitongoji vilivyogoma kulipa ankara. Wabunifu wake walitatua tatizo la pesa, na katika kulitatua wakaleta kompyuta ndani ya nyumba za watu ambao hawakuwahi kuiona kompyuta.

Mita ilileta pia siasa mpya za uani. Katika nyumba ya kupanga, mita moja huhudumia vyumba sita, na kila mpangaji anajua nani ana pasi, nani ana jagi la umeme na nani anaacha taa usiku kucha. Kikaratasi cha LUKU kimevunja urafiki mwingi Kahama.

Simu ndiyo iliyofupisha safari ya mtoto yule. Aprili 2008 Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini, Tigo na Airtel wakafuata na huduma zao, na kufikia 2014 mitandao ikaanza kukubali kutumiana fedha, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado hazijalifanya. Tarakimu 20 sasa zilikuja kwa ujumbe mfupi. Simu zenyewe zilikuwa za Asia, na kadiri miaka ilivyokwenda zikawa za Kichina zaidi: Tecno na itel za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, zenye laini mbili, redio, tochi na betri inayokaa siku kadhaa. Waliozibuni walijua kwamba mtu anaweza kumiliki simu miaka kumi kabla ya kumiliki soketi. Kijijini, kuchaji kulikuwa biashara kamili: ubao, nyaya, jenereta, na simu ishirini zimelala zimeandikwa majina kwa plasta.

Pengo hilo, simu mkononi na giza ndani, ndilo lililoivuta sola. Mwaka 2012 au karibu na hapo, kampuni mbili zilipiga kambi Arusha na baadaye kuenea Kanda ya Ziwa: Off Grid Electric, iliyojulikana kwa wateja kama M-Power, na Mobisol ya Berlin. Hazikuuza paneli kwa fedha taslimu. Zilikopesha. Mteja alilipa kidogo kwa simu, na asipolipa mfumo ulijifunga. Kwa M-Power kulikuwa na tarakimu za kubonyeza, mtindo wa LUKU. Mobisol walikwenda mbali zaidi: ndani ya sanduku lao walitia modemu ya simu, na sanduku likawa linatuma taarifa za betri na matumizi kwa kampuni. Betri ikianza kuchoka, ofisi ilijua kabla ya mwenye nyumba. Malipo yakichelewa, ofisi iliweza kuzima ikiwa mbali.

Tusimame tena. Kifaa kilichopachikwa ukutani, kinachojipima chenyewe, kinachozungumza na kompyuta ya mbali saa zote na kupokea amri kutoka huko: hiyo ndiyo maana ya nyumba janja inayouzwa leo Singapore na Shanghai. Kifaa hicho kilikuwa kwenye nyumba za udongo za vijijini Tanzania wakati matajiri wengi wa Dar es Salaam bado wanatafuta rimoti chini ya makochi. Hakuna aliyekiita janja. Watu walikiita sola ya mkopo.

Mwaka 2015 ilitangazwa azma ya kuzifikia nyumba milioni 1 kwa sola za namna hiyo kabla ya 2017 kwisha. Haikufikiwa, na sababu moja, kwa maoni yangu, ilikuwa kalenda. Mkulima wa pamba wa Kishapu hupata fedha zake kwa msimu: miezi michache ya mauzo, kisha ukata hadi mvua nyingine. Kumtaka alipe kila mwezi kwa miaka mitatu ni kumtaka awe karani. Anaweza kuuza mbuzi mara mbili au tatu ili taa iwake. Mara ya nne anaamua mbuzi ni muhimu zaidi. Geita hali ilikuwa tofauti. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Mgusu na Lwamgasa, wapondaji wa mawe kwenye makarasha na mama lishe wanaowapikia hushika fedha kwa siku, kidogo au nyingi. Siku duara, yaani shimo la uchimbaji, likitema, mtu hanunui taa tatu na redio. Anashuka mjini Katoro na kurudi na televisheni ya inchi 43, sabufa na friji, kisha anatafuta umeme wa kuviwasha. Kwa hiyo sola ndogo ilimzidi mmoja kwa masharti na ikampungukia mwingine kwa nguvu.

Off Grid Electric ilibadilisha jina kuwa ZOLA mwaka 2018. Mobisol ilifilisika Aprili 2019, na mwaka huohuo ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Masanduku yaliyokuwa ukutani hayakupewa taarifa. Yaliendelea kusubiri malipo, na ufunguo wake ulikuwa umehama kutoka Ujerumani kwenda Ufaransa bila mwenye nyumba kuulizwa.

Wakati huo nguzo zilikuwa njiani. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uliundwa kwa sheria ya 2005 na kuanza kazi 2007, na baadaye ada ya kuunganishwa kijijini ikashushwa hadi shilingi 27,000. Kwa nyumba isiyo na nyaya ukutani kilitolewa kifaa kiitwacho UMETA, Umeme Tayari: ubao mmoja wenye swichi na soketi, unaofungwa hata kwenye nyumba ya nyasi. Njia kuu ya kilovolti 400, yenye urefu wa kilomita 670 kutoka Iringa hadi Shinyanga, ilikamilika katikati ya miaka ya 2010 kwa mikopo ya wafadhili wakiwamo Japani na Korea Kusini. Kutoka Bulyanhulu hadi Geita ikavutwa njia nyingine ya kilovolti 220, kilomita 55, pamoja na kituo cha kupozea umeme cha Mpomvu. Kufikia 2024 serikali ilitangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Bara vimefikiwa. Kijiji kufikiwa si kila nyumba kuwaka, kama ajuavyo aliyewahi kukaa mita mia tano kutoka kwenye transfoma. Ila ni kweli kwamba mtu aliyezaliwa Msalala mwaka 1990 na aliyezaliwa mwaka 2010 wamekulia katika nchi mbili.

Intaneti ilikuja kwa barabara hiyohiyo. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulitia nanga Dar es Salaam, na mwaka huohuo ulianza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwa mkopo wa China, mkandarasi akiwa CITCC ya China. Mkongo ulipita Singida na Shinyanga kwenda Mwanza na mipakani. Kwa miaka mingi ulipita tu. Uzi wa kioo wenye uwezo wa kubeba maktaba nzima kwa sekunde ulilala kando ya barabara huku nyumba zilizoutazama zikinunua bando la siku. TTCL imekuja na mpango wa Faiba Mlangoni Kwako, na kampuni za simu zinauza ruta za kuchomeka laini, zikiwamo za 5G iliyoanza nchini 2022. Katika nyumba za kupanga za Shinyanga mjini na Kahama, waifai imerithi ugomvi wa LUKU: wapangaji wanachanga, mmoja anapakua filamu usiku kucha, mwenye ruta anabadilisha nywila asubuhi.

Televisheni nayo ilijifunza kudai malipo. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Mwanza ikafuata mapema 2013. Antena ya waya haikutosha tena. Kikahitajika king'amuzi, kadi na malipo ya mwezi. Azam TV ilipoingia mwishoni mwa 2013 na mpira wa Ligi Kuu, Simba na Yanga wakahamia ndani ya king'amuzi. Siku ya mechi, kioo kinachoandika kwamba kifurushi kimekwisha ni msiba wa familia.

Kisha ukaja mwaka 2021, ambao ulionyesha nani ameshika ncha ya pili ya kamba. Mwezi Mei mfumo wa LUKU uliharibika kwa siku kadhaa nchi nzima. Pesa zilitoka, tarakimu hazikuja, na watu wakapanga foleni kwenye ofisi za TANESCO kama miaka ya nyuma. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, aliyekuwa pia mbunge wa Chato mkoani Geita, aliwasimamisha kazi maofisa wa TEHAMA wa shirika. Hakuna nguzo iliyoanguka wala bwawa lililokauka. Umeme ulikuwapo, ruhusa ya kuutumia ndiyo iliyokosekana.

Miezi mitatu baadaye, mwezi Agosti, mita ileile ilipewa kazi nyingine: kukusanya kodi ya majengo. Shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ilianza kukatwa kila mtu anaponunua umeme, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Kodi ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, na malalamiko hayo hayajapoa hadi leo. Kwa upande wa hazina ulikuwa ubunifu wa hali ya juu. Hakuna mtoza ushuru aliyewahi kuingia katika nyumba nyingi kiasi hicho bila kubisha hodi. Mimi naona kosa halikuwa kukusanya kodi kwa njia rahisi. Kosa lilikuwa kuiweka kodi ya mwenye mali kwenye mfuko wa mwenye kuhitaji taa.

Mwaka 2024 mita ilidai jambo la ajabu zaidi. Kila tokeni ya mfumo huu, yaani zile tarakimu 20, hubeba muhuri wa muda, ili isitumike mara mbili, na muda huo ulihesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika milioni 16.7 hivi, ambazo zingekwisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita isiyorekebishwa, iwe Soweto au Solwa, isingekubali umeme mpya. TANESCO ikapita kanda kwa kanda, na wateja wakaanza kupokea makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kuiamsha mita, la tatu la umeme wenyewe. Tarakimu 60, zibonyezwe bila kukosea, kwa mwanga wa tochi. Wajukuu walifanya kazi kubwa mwaka ule, kwenye nyumba za babu na bibi na za majirani pia.

Mwezi Mei wa mwaka huohuo nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Tajiri wa Geita aliyekuwa safarini, akitegemea kutazama nyumba yake kwa simu, alitazama duara likizunguka kwenye kioo.

Maana sasa tumefika kwenye kamera. Ukipita Katoro, Kahama au karibu na soko la madini la Geita lililofunguliwa Machi 2019, utaziona kila kona: nyeupe, zenye antena mbili, nyingine na kipaneli chake cha sola na laini yake ya simu. Zilianza kwenye mitambo ya elusheni ya kuchenjulia dhahabu na ofisi za wanunuzi wa dhahabu, ambako gramu chache hutosha kuvunja uaminifu wa miaka. Kutoka huko zikahamia majumbani. Zinatoka China, zinapita Kariakoo, zinafungwa na kijana aliyejifunza kwa video. Hapa kwa mara ya kwanza kifaa cha mtandao kinaingia nyumbani kwa matakwa ya mwenye nyumba, si kwa sababu ya deni. Mtu wa Kakola aliye shimoni anataka kujua mkewe na watoto wamelala salama. Hilo ndilo hitaji lilelile lililouzaa mwano, isipokuwa kamera humwona mwizi tu, haimkimbizi. Ndiyo maana wenye busara wamefunga kamera na bado wanachangia ulinzi shirikishi wa mtaa.

Lakini kamera nazo zina ncha ya pili. Picha za sebule yako huenda kwenye kompyuta za kampuni ambayo hujawahi kuisikia, na nywila mara nyingi ni ileile iliyotoka kiwandani, au ile aliyoiweka fundi na kubaki nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na ina tume yake, ila tume haiwezi kupanda ukutani kwako. TANESCO nayo inaanza kufunga mita janja, ambamo umeme ulionunuliwa huingia wenyewe bila mtu kubonyeza tarakimu. Nitafurahi siku bibi yangu atakapoachana na zile tarakimu 20. Najua pia kwamba mita inayoweza kupokea umeme bila mimi inaweza kuukata bila mimi.

Kwa hiyo msomaji unayetaka kufunga kamera, kufuli linalofunguliwa kwa simu au sola ya mkopo mwaka huu, uliza mambo mawili kabla ya kutoa fedha. Kampuni ikifa au mtandao ukikatika, kifaa hiki kitaendelea kufanya kazi? Na nywila ni ya nani? Fundi akikataa kukuandikia nywila kwenye karatasi na kukuonyesha namna ya kuibadilisha mbele yake, usimlipe.